Mali Kauli ya Kwenda Bara

Kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini Malindi, Unguja. Wateja wangu wengi wa Darajani wanakwenda kwa mali kauli: chukua mzigo, uza, leta pesa. Mtu akichelewa wiki mbili, simu haziishi. Ndiyo maana Taria Topan, tajiri wa Kikhoja aliyetoka Kutch, ananishangaza. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu, aliingia bara na mali ya mkopo ya Taria karibu na mwaka 1870, akarudi Unguja 1882. Miaka 12!

Mali yenyewe ilikuwa nguo ya merikani iliyoanza kuja kutoka Salem, Massachusetts, pamoja na kaniki za Bara Hindi, ushanga na nyaya za shaba. Nguo ilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati: mikono minne ni shuka, shuka mbili doti. Majora yalikunjwa, yakafungwa kwa jamvi, yakapigwa magongo mpaka yakawa mtumba mgumu kama gogo, wa frasila mbili hivi, mzigo wa mpagazi mmoja. Ushanga ndio uliokuwa na visa. Rangi iliyogombewa huku, kule haiguswi, na ukishafika Ujiji huwezi kurudi Bagamoyo kubadilisha.

Wazee wetu husema watu wa zamani walikuwa waaminifu. Sikatai, ila mimi naona hesabu zaidi. Bei ya mkopo ilipandishwa tangu mwanzo, hatari ya njiani imo ndani. Kisha pembe za ndovu za kulipia deni zilikuwa na mlango wao mkuu, forodha ya Unguja, na ushuru wake ulikodishwa kwa matajiri hao hao: nyumba ya Jairam Shivji kwa miaka mingi, na Taria mwenyewe kuanzia 1876. Ukishusha pembe, mdai wako yuko kwenye mizani.

Asiyeweza kulipa hakushuka pwani. Tabora na Ujiji walikuwepo wafanyabiashara waliozeekea huko kwa kukwepa madeni ya pwani. Wengine walilipa kwa bunduki: kijiji kinavamiwa, watu wanatekwa, pembe zinachukuliwa bila doti hata moja kutoka. Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, anasimulia bila haya jinsi alivyompiga chifu Nsama wa Itabwa akabeba pembe zake. Forodhani pembe za namna hiyo zilipimwa kwa frasila, sawasawa na zilizonunuliwa.