Ndege ya TransAsia 235: injini nzima ilipozimwa badala ya mbovu

Ndege ya TransAsia, safari nambari 235, ilianguka katika Mto Keelung mjini Taipei, Taiwan, asubuhi ya Jumatano, 4 Februari 2015. Haikuwa imemaliza hata dakika 3 hewani. Ndani mlikuwa na watu 58: abiria 53, marubani 3 na wahudumu 2. Watu 43 walifariki, 15 wakanusurika.

Ilikuwa ATR 72-600, ndege ya injini mbili za rafadha, ikitoka uwanja wa Songshan kwenda kisiwa cha Kinmen. Ilipokuwa ikishika kasi ili iruke, taa ya kuonyesha kwamba mtambo wa kulinda injini uko tayari haikuwaka kama ilivyotakiwa. Hapo safari ingefaa kukatizwa. Marubani waliendelea.

Kabla ya dakika moja kupita hewani, kengele ya hatari ililia: injini ya kulia imepoteza nguvu. Injini yenyewe haikuwa imekufa. Mawasiliano ya umeme katika kifaa kinachopima nguvu zake yalikatika, inavyoelekea kwa sababu ya maungio yaliyolegea ndani, na mtambo ukaamini injini imezima. Basi ukageuza mapanga ya rafadha yakae sambamba na upepo, yasiizuie ndege. Kuanzia hapo upande wa kulia haukuwa ukivuta tena.

Ndege ya aina hii inaweza kupaa kwa injini moja, na rubani hufunzwa hivyo. Lakini kapteni alipunguza nguvu za injini ya kushoto, ile iliyokuwa nzima. Rubani mwenzake alimtaka asubiri kidogo wahakikishe kwanza. Hata hivyo injini ya kushoto ikaishia kuzimwa kabisa. Ndege ikabaki bila nguvu upande wowote, juu ya mji uliojaa majumba.

Kapteni aligundua kosa lake sekunde chache kabla ya mwisho. Walijaribu kuiwasha tena injini ya kushoto, lakini walikuwa chini mno. Ndege ililala ubavu, bawa likagonga teksi iliyokuwa ikipita kwenye barabara ya juu na kuwajeruhi watu wawili waliokuwa ndani, kisha ikatumbukia mtoni. Kamera za magari zilinasa tukio hilo, na picha zake zikaenea duniani kote. Marubani wote watatu walifariki.

Ripoti ya wachunguzi ya 2016 haikulaumu kifaa peke yake. Ilieleza pia kuwa kapteni aliwahi kushindwa mtihani alipokuwa akipandishwa cheo, na udhaifu wake wa kukabili hitilafu ya injini ulijulikana.

Miezi 7 kabla, Julai 2014, ndege nyingine ya TransAsia ilikuwa imeanguka visiwa vya Penghu na kuua watu 48. Novemba 2016 shirika hilo lilifunga milango.