Kashfa na Biashara Chini ya Mlima Meru

Katika biashara zote zifanywazo chini ya Mlima Meru, hapana itegemeayo jina jema kuliko ile ya kuwapeleka wageni mbugani. Mnunuzi wa ng'ombe mnadani humpapasa mnyama na kumtazama meno kabla ya kutoa fedha yake. Kahawa huonjwa na wajuzi kabla ya kununuliwa. Mgeni aliyeko Munich au Chicago hana la kupapasa wala la kuonja. Hulipia gari ambalo hajalipanda, dereva ambaye hamjui, na simba ambaye yamkini siku hiyo atalala majanini asionekane. Anunuacho hasa ni maneno ya wale waliomtangulia. Zamani maneno hayo yalikuwa barua kwa rafiki, au mazungumzo ya mezani. Tangu Tripadvisor ilipoanzishwa Marekani mwaka 2000, yamekuwa maandishi ya hadhara, yasomwayo na kila atakaye, wala hayafutiki kwa kupita msimu.

Basi si ajabu kwamba mfanyabiashara aliyeandikwa vibaya hukimbilia kwa wakili na kuuliza kama sheria haimlindi. Sheria ipo, tena ni ya zamani kuliko intaneti. Kanuni ya Adhabu ya enzi ya Waingereza katika Afrika ya Mashariki iliyaeleza maandishi ya kashfa kuwa ni yale yawezayo kumfanya mtu achukiwe, adharauliwe au achekwe, au yawezayo kumdhuru katika kazi yake au biashara yake kwa kuivunja sifa yake. Biashara, kwa hiyo, ilitajwa tangu mwanzo. Lakini mashauri yaliyokumbukwa yalikuwa ya wakubwa wa serikali. Mwaka 1958 Julius Nyerere alishtakiwa Dar es Salaam kwa makala katika Sauti ya TANU iliyowalaumu mabwana shauri. Akatakiwa kulipa faini ya paundi 150 au kufungwa miezi sita, naye akalipa. Chombo kilichotumika kumnyamazisha mwanasiasa ndicho kile kile ambacho mwenye duka angeweza kukitumia juu ya mteja, kama mteja angekuwa na gazeti. Wateja hawakuwa na magazeti, na hilo ndilo lililoificha sehemu hii ya sheria kwa miaka mingi.

Uhuru haukuifuta. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 iliichukua kashfa ikaiweka ndani yake, na ilipokufa sheria hiyo, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliyarithi maelezo yale yale, na biashara ikiwamo. Wakati huo mteja alikwisha pata gazeti lake, nalo lilikuwa ndani ya simu.

Shauri lililoonyesha wazi hatari ya jambo hili halikutoka Arusha, bali Nairobi. Katika mtandao wa Facebook palikuwa na ukurasa uitwao Buyer Beware-Kenya, jina ambalo maana yake ni kumwonya mnunuzi ajihadhari. Watu wawili walishtakiwa kwa jinai kwa sababu ya maandishi yaliyotolewa humo, yaliyodai kwamba watu fulani walikuwa wakitafutwa kwa kuwa na mali ya wizi. Hawakungoja hukumu ya hakimu. Walikwenda Mahakama Kuu kukipinga kifungu chenyewe. Tarehe 6 Februari 2017, katika shauri lijulikanalo kwa jina la Okuta, Jaji John Mativo aliamua kwamba kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya hakipatani na Katiba. Aliyevunjiwa sifa, alisema, anayo njia ya madai na fidia. Kumtia mtu gerezani kwa ajili hiyo kunapita kiasi.

Fikra hiyo ilikwisha tamkwa Arusha kabla yake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo serikali ya Tanzania iliitengea ardhi ya makao ya kudumu huko Lakilaki, Kisongo, ilitoa hukumu tarehe 5 Desemba 2014 katika shauri la Lohé Issa Konaté, mhariri wa Burkina Faso. Mhariri huyo alifungwa miezi 12 kwa makala yaliyomshutumu mwendesha mashtaka wa serikali. Akatozwa faini na fidia kubwa, na gazeti lake likafungiwa miezi sita. Mahakama iliona kwamba kifungo kwa kosa la kashfa kinavunja haki ya kusema. Haikusema kwamba adhabu ya jinai haiwezi kabisa kutolewa kwa maneno, na juu ya hilo majaji wenyewe waligawanyika. Kisha tarehe 28 Machi 2019, katika mji huo huo, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari, pamoja na vile vya kashfa, vinakwenda kinyume cha Mkataba wa Jumuiya. Mwaka 2023 Bunge la Tanzania lilizirekebisha sehemu za sheria hiyo.

Msomaji aweza kudhani kwamba jambo limekwisha. Halikwisha, kwa maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilikuja na mlango wake: kifungu cha 16 kiliwatishia watoao habari za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, na kifungu cha 32 kiliwapa polisi njia ya kudai kumbukumbu za waandishi wasiotaja majina. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alifikishwa mahakama ya Kisutu kwa kukataa kuwataja waandishi wake, ambao baadhi yao walikuwa wameandika juu ya mwenendo wa kampuni za biashara. Aprili 2020, katika shauri mojawapo, alipewa faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja.

Hapa ndipo penye ugumu hasa. Tuseme mwenye kampuni ndogo ya magari mawili amesingiziwa na mgeni kwamba ameiba amana yake, na msingizio huo umemfukuzia wateja wa msimu mzima. Huyo ameonewa kweli, na watoto wake watakosa ada. Lakini mwandishi yuko Marekani, na tovuti iko Marekani. Sheria ya huko ya mwaka 1996 humkinga mwenye tovuti asiulizwe juu ya maneno ya mtu mwingine, na sheria nyingine ya mwaka 2010 huzizuia mahakama za Marekani kutekeleza hukumu ya kashfa ya nchi ya kigeni isiyolinda uhuru wa kusema kwa kiasi chao. Hukumu iliyopatikana Arusha kwa gharama ya wakili wa miaka miwili itabaki karatasi. Mwenye mali nyingi huweza kuufuata ugomvi ng'ambo, wala hana hakika ya kushinda: Reginald Mengi alimshtaki London Sarah Hermitage, aliyekuwa akiandika katika intaneti juu ya mgogoro wa shamba la Silverdale wilayani Hai, na tarehe 30 Novemba 2012 Jaji Bean akalitupa dai lake.

Sasa tumtazame mpagazi wa Kisongo au mpishi wa kambi aliyeandika kwa simu yake kwamba kampuni haikumlipa mshahara wa safari tatu. Huyu hayuko mbali. Anwani yake inajulikana, simu yake imeandikishwa kwa jina lake, na katika dai la kashfa ni juu yake kuthibitisha kwamba aliyoyaandika ni kweli, ilhali daftari la malipo limo kabatini mwa mwajiri. Mgeni aliyesema uongo hafikiwi. Mtumishi aliyesema kweli hufikiwa siku hiyo hiyo, na barua moja ya wakili hutosha kumfanya ayafute maneno yake kabla hakimu hajayaona.

Konaté aliweza kufika Arusha kwa sababu nchi yake ilikuwa imetoa tamko la kuwaruhusu raia kuishtaki moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika. Tanzania nayo ilikuwa imelitoa, lakini mwezi Novemba 2019 ilitangaza kuliondoa, na kuondolewa kukaanza kufanya kazi tarehe 22 Novemba 2020. Tangu siku hiyo, mpagazi akaaye jirani na Lakilaki hawezi kupeleka huko lalamiko jipya juu ya nchi yake. Hubaki kwake Mahakama ya Afrika Mashariki, mjini, ambayo Mkataba humfungulia mkazi yeyote wa nchi mwanachama, mradi afike kabla ya kupita miezi miwili.