Mshubiri: Dawa ya uani isiyotaka pupa

Katika maboma mengi ya Migori na Homa Bay, kando ya ua au karibu na banda la kuku, huota mmea wenye majani manene na miiba pembeni. Wajaluo huuita ogaka. Kwa Kiswahili ni mshubiri, na utomvu wake ndio uliotupa msemo "chungu kama shubiri".

Mshubiri huishi miaka mingi. Huhifadhi maji katika majani, hivyo huhimili kiangazi. Hupandwa kwa machipukizi yanayochomoza kando ya mmea mama, mahali penye jua na pasipotuama maji.

Jani moja lina vitu viwili tofauti. Chini ya ganda mna utomvu wa manjano wenye aloini, kemikali inayoharisha. Ndani kabisa mna ute mwangavu, ambao kwa aina ya Aloe vera hupakwa kwenye ngozi iliyoungua kidogo. Hatari huanza pale viwili hivi vinapochanganywa. Utomvu ukinywewa kwa wingi huleta msokoto wa tumbo, kuhara na upungufu wa maji mwilini. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto hawafai kuunywa. Mwaka 2002, Marekani iliondoa madukani dawa za kuharisha za shubiri zilizouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa watengenezaji hawakuthibitisha usalama wake.

Wapo wanaochemsha majani hayo kutibu malaria. Ukanda wa Ziwa Victoria ndio unaolemewa zaidi na maradhi hayo nchini, na ni Homa Bay ambako Kenya ilizindua chanjo ya malaria Septemba 13, 2019. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati akapimwe damu mara moja. Siku moja ya kusubiri nguvu ya mitishamba yaweza kugharimu uhai, na kuhara humzidishia udhaifu.

Mmea wenyewe pia wahitaji ulinzi. Mwaka 1986, Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya mwituni, na mwaka 2007 serikali ikatoa kanuni za kudhibiti biashara yake. Mkataba wa kimataifa wa CITES nao unasimamia uuzaji wa mishubiri nje ya nchi, isipokuwa Aloe vera.

Anayeutaka basi asiung'oe porini. Amwombe jirani chipukizi, alipande uani, na ajue ni sehemu ipi ya jani anayoitumia.