Mlinzi aliye ndani ya kompyuta na simu: SELinux ni nini, na kwa nini tusimzime

Msikilizaji wetu, huenda ulikuwa miongoni mwa waliotupigia simu msimu wa palizi wakilalamika kwamba rekodi za kipindi cha wakulima hazifunguki kwenye tovuti yetu. Ukibonyeza, skrini inaandika 403, yaani umekatazwa. Tuliahidi hewani kwamba tutaeleza kilichotokea. Maelezo haya ni marefu kidogo, kwa sababu jambo lenyewe linaihusu pia simu uliyoshika mkononi, kama ni ya Android.

Mhariri wetu alikuwa akikata vipindi kwenye folda yake, kisha anavihamishia kwenye folda ya tovuti. Kompyuta inayohudumia tovuti inatumia mfumo wa Linux. Fundi tuliyempigia alijibu haraka haraka: "Bosi, zima SELinux, itafunguka." Tukaandika amri aliyotutajia, setenforce 0, na kweli rekodi zikafunguka. Tukashukuru, tukaendelea na kazi. Siku ya tatu umeme ukakatika, kompyuta ikawaka upya, na simu za malalamiko zikaanza tena.

Binti aliyekuwa kwetu kwa mafunzo kwa vitendo ndiye aliyetuuliza: "Kaka, hicho mlichozima kilikuwa kinazuia nini kingine?"

Hatukuwa na jibu. Ndani ya kompyuta hiyo hiyo kuna folda yenye ujumbe mnaotutumia. Wapo wanaotuandikia kuhusu migogoro ya ardhi, wapo waliotueleza mambo ya nyumbani na kutuomba tusitaje majina. Namba zao zote zimo. Kwa siku tatu, kati ya folda hiyo na mtu ambaye angeweza kuiteka huduma ya tovuti, kilichobaki ni ruhusa za kawaida za faili. Tulipozikagua tukakuta mhariri alikuwa ameifungua folda yake isomwe na kila programu ili kujirahisishia kazi. Hatukuona dalili ya mtu kuingia. Tulipona kwa bahati, na tunalisema wazi kwa sababu namba hizo ni zenu.

Ruhusa ya mwenye mali na amri ya ghala

Kompyuta ina aina mbili za ruhusa. Ya kwanza ni ya mwenye faili: yeye ndiye anayeamua nani asome, nani aandike. Akiamua kumfungulia kila mtu, hakuna wa kumzuia. Na yule msimamizi mkuu wa kompyuta, anayeitwa root, ruhusa hizi hazimzuii kabisa.

Aina ya pili ni ya lazima. Wakulima wa korosho wanaijua hata kama hawajawahi kugusa kompyuta, maana inafanana na stakabadhi ghalani. Magunia ni yako, lakini yakishaingia ghalani hayatoki kwa neno lako peke yako. Utaratibu wa ghala umeandikwa, mtunza ghala anaufuata, na hata mwenyekiti wa chama akija na gari lake usiku anatakiwa kuonyesha karatasi. SELinux ndiyo mtunza ghala wa aina hiyo. Anakaa kwenye kiini cha mfumo, na kila programu inapotaka kugusa faili au kufungua mlango wa mtandao, anatazama sera iliyoandikwa. Kama sera haikutaja ruhusa hiyo, jibu ni hapana, hata kama anayeomba ni root.

Kazi hii ilianzishwa na shirika la ujasusi la Marekani, NSA. Ndiyo, hao hao. Walitoa programu yake hadharani Desemba 2000 ili kila mtu aisome na kuikagua, na mwaka 2003 ikaingizwa kwenye Linux yenyewe. Kompyuta za Fedora na Red Hat huja nayo ikiwa imewashwa. Ubuntu hutumia mlinzi mwingine, AppArmor, ambaye lengo lake ni lilelile ila anatambua faili kwa njia ya folda zilipo.

SELinux hatazami jina la faili. Anatazama lebo. Kila faili ina lebo, na kila programu inayofanya kazi ina lebo yake. Huduma ya tovuti, ile inayokesha chinichini ikisubiri mtu afungue ukurasa, ina lebo httpd_t. Faili za tovuti zina lebo httpd_sys_content_t. Faili za folda ya mtu binafsi zina user_home_t. Sera inasema httpd_t inaweza kusoma httpd_sys_content_t. Kusoma user_home_t haina ruhusa. Basi hata mwizi akiiteka huduma ya tovuti, anabaki na mipaka ya huduma hiyo, na folda ya ujumbe wenu haifikii.

Kosa letu lilikuwa wapi

Sehemu hii ni ya wale wanaosimamia kompyuta za shule, zahanati au redio ndogo kama yetu. Wengine mnaweza kuruka hadi kwenye habari ya simu.

Amri ya kwanza ni getenforce. Inakuambia mlinzi yuko katika hali gani: Enforcing maana yake anazuia, Permissive maana yake anaandika tu kwenye daftari bila kumzuia mtu, Disabled maana yake hayupo. Ile setenforce 0 ilimtoa kwenye kuzuia na kumweka kwenye kuandika tu, na hudumu mpaka kompyuta iwake upya. Ndiyo maana umeme ulipokatika alirudi kazini. Tunadhani bila mgawo ule tungekaa hivyo mwaka mzima.

Ya pili ni kusoma daftari lake: ausearch -m AVC -ts recent. Mistari inatisha ukiiona mara ya kwanza, lakini tafuta vitu vinne tu: kitendo kilichokataliwa, jina la programu, lebo ya programu baada ya neno scontext, na lebo ya faili baada ya tcontext. Kwetu iliandikwa kwamba httpd yenye lebo httpd_t imekataliwa kugusa faili yenye lebo user_home_t. Tukashangaa, maana faili ilikuwa kwenye folda ya tovuti, tunaiona kwa macho yetu. Tukaandika ls -Z, amri inayoonyesha lebo, na kweli rekodi zote zilikuwa na lebo ya nyumbani kwa mhariri.

Sababu ni ndogo, na inawakuta wengi. Ukinakili faili kwa cp, nakala mpya hupata lebo ya folda inakokwenda. Ukiihamisha kwa mv, inaondoka na lebo yake ya zamani, kama mtu aliyehamia kijiji kingine na kitambulisho chake bado kinasoma kijiji cha kwanza. Mhariri wetu alikuwa akihamisha.

Dawa ilikuwa mstari mmoja: restorecon -Rv /var/www/html/rekodi. Amri hii hupitia folda na kuzirudishia faili lebo ambazo sera inasema zinastahili mahali hapo. Rekodi zikafunguka, mlinzi akiwa macho.

Kama faili zako ziko mahali ambapo sera haipajui, tuseme /srv/sauti, inabidi kwanza uiambie sera: semanage fcontext -a -t httpd_sys_content_t "/srv/sauti(/.*)?" kisha ndipo uandike restorecon -Rv /srv/sauti. Utakutana na watu watakaokushauri utumie chcon. Inafanya kazi leo, lakini sera haina habari nayo, na siku mtu akiandika restorecon lebo yako inafutika.

Huduma ikitaka kutumia mlango wa mtandao usiozoeleka, mfano namba 8090, nao unasajiliwa: semanage port -a -t http_port_t -p tcp 8090. Na yapo mambo yanayohitajika mara nyingi kiasi kwamba sera imeyawekea swichi. Tovuti ikihitaji kuwasiliana na kompyuta nyingine unawasha httpd_can_network_connect kwa setsebool -P. Ile P isisahaulike, bila hiyo swichi inarudi ilipokuwa kompyuta ikizima.

Ukikwama kabisa, usimlegeze mlinzi kwa kompyuta nzima. Mlegeze kwa huduma moja: semanage permissive -a httpd_t. Atatazama huduma hiyo bila kuizuia na kuandika yote ambayo angeyakataa, huku huduma nyingine zikiendelea kulindwa. Ukishapata sababu, rudisha kwa -d mahali pa -a. Kuna pia chombo kinaitwa audit2allow, kinachosoma daftari na kukuandikia sera mpya. Sisi tunakiogopa kidogo. Kinaruhusu chochote kilichokataliwa, na kama miongoni mwa yaliyokataliwa kuna jaribio la mwizi, nalo utakuwa umelipa kibali. Soma kila mstari kabla ya kukubali.

Na simu yako je?

Android imejengwa juu ya Linux, na mlinzi huyu huyu yumo ndani. Aliingizwa na Android 4.3 mwaka 2013 akiwa wa kuangalia tu. Mwaka huo huo 4.4 ikamruhusu kuzuia huduma chache, na 5.0 ya mwaka 2014 ikamweka kuzuia kila kitu.

Mwaka 2015 ikagundulika kasoro iliyoitwa Stagefright. Simu nyingi za Android zingeweza kushambuliwa kwa ujumbe wa video tu. Aliyejua namba yako alikuwa na kila anachohitaji. Kasoro ilikuwa kwenye huduma ya chinichini inayofungua muziki na video, mediaserver. Huduma hiyo moja ilikuwa na ruhusa za kamera, maikrofoni na intaneti kwa pamoja, hivyo kumzuia asiguse vingine hakukutosha. Vilivyokuwa mikononi mwake vilikuwa vingi mno. Android 7.0, mwaka 2016, iliigawa huduma hiyo vipande, kila kimoja na sera yake. Kipande kinachofungua faili la video hakina tena ruhusa ya intaneti, na kamera imewekwa kwenye kipande chake peke yake.

Sasa, mtaani wapo mafundi wanaofanya "root" simu ili waondoe programu za kiwandani au waweke mfumo mwingine. Baadhi ya mifumo hiyo humwacha mlinzi katika hali ya kuandika tu, na mwenye simu haambiwi. Simu hiyo hiyo ndiyo yenye pesa zako. Kwenye Samsung nyingi unaweza kukagua mwenyewe: fungua Mipangilio, nenda Kuhusu simu, kisha maelezo ya programu, utafute mstari ulioandikwa SE for Android status. Ukisoma Enforcing, mlinzi yuko kazini. Ukisoma Permissive, mrudie fundi akurudishie mfumo wa kiwandani, na kabla hujamkabidhi simu hifadhi picha na namba zako mahali pengine, maana kazi hiyo kwa kawaida hufuta vyote.