Kupe kwa mbwa Simiyu: Jinsi ya kuwatoa, kuwazuia na makosa yanayoua mbwa

Mbwa wengi wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega wana kazi. Mchana wanakwenda machungani na ng'ombe, usiku wanalinda boma au duka. Kote huko wanapita kwenye nyasi, na wanarudi nyumbani na kupe.

Ng'ombe anapelekwa kwenye josho au anapigwa dawa kwa bomba. Mbwa je? Mara nyingi anaachwa hivyo hivyo, au anamwagiwa dawa yoyote iliyopo stoo. Njia zote mbili zinaweza kumuua.

Haya ndiyo ya kufahamu.

Kupe wa mbwa ni yupi?

Wapo wengi, lakini anayesumbua zaidi majumbani ni kupe wa kahawia wa mbwa. Kitaalamu anaitwa Rhipicephalus sanguineus. Huyu hahitaji pori. Anaweza kuzaliwa, kukua na kutaga ndani ya nyumba au kwenye banda la mbwa, kizazi baada ya kizazi.

Anapitia hatua nne: yai, kupe mchanga mwenye miguu sita, kupe wa kati mwenye miguu minane, kisha mkubwa. Kupe mchanga ni mdogo kuliko punje ya ulezi. Mkubwa ambaye hajanyonya anakaribia punje ya ufuta. Jike aliyeshiba anavimba kama harage dogo, rangi ya kijivu.

Jike huyo akishiba anadondoka, anatafuta ufa na kutaga mayai yanayoweza kufika elfu kadhaa. Ndiyo maana kupe mmoja uliyempuuza leo anaweza kuwa tatizo la nyumba nzima baada ya miezi miwili au mitatu.

Mbwa anayechunga anaokota pia kupe wa porini na wa mifugo. Hao huongezeka zaidi kipindi cha mvua. Kupe wa nyumbani yeye hana msimu, yupo mwaka mzima.

Tatizo ni magonjwa

Kupe wengi kwa pamoja wanaweza kumaliza damu ya mbwa, hasa mtoto. Hatari kubwa zaidi ni vijidudu wanavyoviingiza wakati wa kunyonya. Magonjwa mawili yanatajwa sana.

La kwanza ni elikiosisi. Dalili huanza wiki moja hadi tatu baada ya kuumwa: homa, kukosa hamu ya kula, unyonge, kukonda. Wengine wanatokwa damu puani au wanapata vidoa vyekundu kwenye fizi. Mbwa anaweza kuonekana amepona, kumbe ugonjwa umejificha na utarudi miezi au miaka baadaye.

La pili ni babesiosisi. Vijidudu vinapasua chembe nyekundu za damu. Fizi zinapauka au kuwa njano, mkojo unakuwa mwekundu au rangi ya kahawa, na mbwa anaweza kufa ndani ya siku chache.

Yote mawili yana tiba yakiwahiwa, lakini dawa zake hazifanani. Ndiyo maana kupima damu ni bora kuliko kubahatisha. Na sio kweli kwamba mbwa ataambukizwa ndigana kali ya ng'ombe. Ile haimpati.

Somo kutoka Serengeti

Mwaka 1994 virusi vya distempa viliua takriban simba 1,000 katika ikolojia ya Serengeti, karibu theluthi moja ya simba wote. Virusi hivyo vilihusishwa na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi.

Watafiti waliporudi kuchunguza sampuli, walieleza mwaka 2008 kwamba distempa haikuua peke yake. Ukame wa 1993 ulidhoofisha nyati, wakajaa kupe. Simba waliowala nyati hao walikutwa na babesia nyingi mno kwenye damu. Distempa ilishusha kinga, babesia ikamaliza kazi.

Kwa mfugaji wa Simiyu, mkoa unaopakana na Serengeti, ujumbe ni mmoja: chanjo na kuzuia kupe vinakwenda pamoja. Chanjo ya kichaa cha mbwa au ya distempa haizuii kupe, na dawa ya kupe haizuii kichaa cha mbwa.

Jinsi ya kumtoa kupe

Mkague mbwa kila siku anaporudi, kwa vidole, sio kwa macho tu. Angalia ndani ya masikio, kuzunguka macho, shingoni chini ya mkanda, kwapani, kati ya vidole, kwenye kinena na chini ya mkia.

Ukimpata:

1. Vaa glavu, au hata mfuko safi wa plastiki mkononi. Mtu mwingine amshike mbwa kichwa.
2. Tumia kibanio chenye ncha nyembamba, kama kile cha kung'olea nyusi.
3. Mbane kupe karibu kabisa na ngozi, kwenye mdomo wake. Usibane tumbo.
4. Vuta taratibu, moja kwa moja kwenda juu. Usimnyonge wala kumkata kwa ghafla.
5. Safisha kidonda kwa maji na sabuni au dawa ya vidonda. Nawa mikono.
6. Mtie kupe kwenye kichupa chenye spiriti. Usimtumbue kwa kucha, na usimtupe uani akiwa hai.

Kipande cha mdomo kikibaki, usichimbe na sindano. Mara nyingi ngozi hukitoa yenyewe. Pakivimba au kutoa usaha, mwone mtaalamu.

Fanya haraka, kwa sababu vijidudu vya elikiosisi vinaweza kupita ndani ya saa chache tangu kupe aanze kunyonya.

Usifanye haya

*Kumchoma kwa kiberiti au sigara.* Utamuunguza mbwa.

*Kupaka mafuta ya taa, petroli au mafuta mazito.* Kupe hatoki haraka, na petroli na mafuta ya taa zinaunguza ngozi. Mbwa akizilamba anapata sumu.

*Kutumia dawa ya pamba.* Hili ndilo la kuogopa zaidi Simiyu, mkoa ambao pamba ni zao kuu na chupa za viuatilifu zipo majumbani. Dawa hizo zimetengenezwa kwa ajili ya shamba. Zinapita kwenye ngozi, na mbwa hujilamba. Dalili za sumu ni kutokwa mate mengi, kutapika, kutetemeka, kushindwa kusimama, kisha degedege.

*Kumtumbukiza kwenye josho la ng'ombe.* Kipimo kile ni cha ng'ombe, na mbwa anaweza kumeza dawa.

*Kumchoma sindano ya ivermectin ya ng'ombe kwa kukadiria.* Kosa dogo la kipimo kwa mnyama wa kilo 15 ni kosa kubwa. Baadhi ya mbwa, hasa jamii ya collie, wana tatizo la kurithi linalofanya dawa hiyo iwadhuru ubongo hata kwa dozi ambayo wengine wanaivumilia.

Ikitokea mbwa kamwagiwa dawa isiyo yake, vaa glavu, muoshe kwa maji mengi na sabuni, usimlazimishe kutapika, kisha mpeleke kwa mtaalamu wa mifugo pamoja na chupa yenye lebo. Lebo ndiyo itakayomwonyesha sumu iliyotumika.

Dawa za kinga

Zipo za aina kadhaa, na bei zinatofautiana sana:

- *Za kuogeshea au kupulizia.* Ndizo za bei nafuu. Hakikisha lebo inataja mbwa na kiasi cha maji cha kuchanganyia. Ikitaja ng'ombe pekee, iache.
- *Za matone.* Zinadondoshewa kwenye ngozi nyuma ya shingo, ambako mbwa hafiki kulamba. Zenye fipronili kwa kawaida hurudiwa kila mwezi.
- *Mikanda yenye dawa.* Mingine hudumu hadi miezi minane. Usiifananishe na mkanda wa kawaida wa kufungia kamba.
- *Vidonge vya kutafuna.* Vipo vya mwezi mmoja na vya wiki 12. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kuwa kundi hili linaweza kuleta degedege kwa baadhi ya mbwa. Kama mbwa wako amewahi kuanguka degedege, sema kabla ya kupewa.

Mpime uzito kwanza, maana dozi inafuata kilo. Kwa watoto wa chini ya wiki nane dawa nyingi haziruhusiwi, hivyo toa kupe kwa mkono na mtibu mama yao kwa ushauri wa mtaalamu. Na kama una paka, kuwa makini: permethrini inayotumika kwa mbwa inaweza kumuua paka.

Nyumba nayo itibiwe

Kumtibu mbwa na kuacha banda ni kazi nusu. Kupe wa kahawia hupenda kupanda ukutani na kujificha kwenye nyufa, juu kabisa hadi kwenye paa.

Ziba nyufa za banda na za kuta, iwe kwa udongo au saruji. Choma au tupa magunia ya zamani anayolalia mbwa, na matandiko yanayofuliwa yafue kwa maji ya moto. Fagia, fyeka nyasi kuzunguka boma, ondoa marundo ya mbao na matofali. Kuku wanadonoa baadhi ya kupe uani, lakini wale wa kwenye nyufa hawawafikii.

Tibu mbwa wote wa nyumba siku moja. Ukiacha mmoja, umewaachia kupe chakula. Pia usitegemee waishe ndani ya wiki: kupe mkubwa anaweza kukaa miezi mingi bila kula akisubiri mbwa apite. Endelea na ratiba hata ukiona wamepungua.

Lini umtafute mtaalamu?

Usisubiri kesho ukiona fizi zimepauka au kuwa njano, mkojo mwekundu, damu puani, au mbwa amegoma kula na anashindwa kuinuka. Anzia kwa afisa mifugo wa kata au kijiji. Mwambie ni lini uliona kupe na dawa gani umeshatumia, hata kama ni ya pamba. Kumficha hilo kunaweza kumfanya atibu ugonjwa ambao haupo.

Na kama wewe au mtoto mmepata homa, kichwa kuuma na kidonda chenye kigaga cheusi baada ya kuumwa na kupe, nendeni kituo cha afya na mtaje kupe. Kupe wa Afrika hueneza homa kwa watu pia, na daktari asipoambiwa anaweza kufikiria malaria peke yake.