Hema la Stanley Lilirudi Zima

Desemba 1889, Henry Morton Stanley aliingia Bagamoyo baada ya karibu miaka mitatu ya kulikata bara kutoka mdomo wa Mto Kongo hadi Bahari ya Hindi. Katika kitabu alichochapisha mwaka uliofuata, In Darkest Africa, anawashukuru wenye maduka waliomuuzia vifaa, na mmoja wao ni Edgington wa London, mshonaji wa mahema. Kitambaa kilikuwa kimetumbukizwa kwenye salfeti ya shaba, ile chumvi ya buluu ambayo kwa Kiswahili inaitwa mrututu. Stanley anajigamba kwamba hema lilinyeshewa siku 300 na bado likafika pwani likiwa na nguvu ya kunyeshewa siku 200 zaidi.

Msafara huo uliondoka Zanzibar Februari 1887 ukiwa na zaidi ya watu 600 walioandikwa hapo kisiwani ili kubeba mizigo. Waliorudi hawakufika nusu. Wengine walikufa njaa kwenye msitu wa Ituri, wengine ndui, wengine mishale ya sumu, wengine walitoroka, na baadhi ya waliotoroka wakashikwa wakanyongwa.

Mimi nilikuwa natafuta turubai tu.

Tuko watu kumi na wawili, wengi wao wanafanya kazi za ofisi huko Upper Hill na Westlands, na wikendi tunapanda milima: Ngong, Longonot, Aberdare, na mara moja kwa mwaka Mlima Kenya. Mimi ndiye mwandishi wa kujitegemea, kwa hivyo kikundi kimeamua kwamba nina wakati. Nikapewa kazi: tafuta turubai ambalo halitatuaibisha. Yaani si lile la bei rahisi linalochanika safari ya kwanza na kuachwa limening'inia kwenye mianzi likipepea kama bendera ya nchi isiyo na serikali. Nilitoka chuo kikuu mwaka wa tatu, karo ikiwa imenishinda, lakini tabia ya kusoma haikuniacha, na vitabu vya karne ya 19 havina mwenyewe tena. Unavisoma kwa simu, bure, ndani ya matatu. Ndiyo nikafika kwa Stanley.

Ukiingia duka lolote la vifaa vya kambi leo, neno utakalosikia ni “kudumu”. Hili linadumu. Hili ni la kutumika tena na tena, ni rafiki wa mazingira. Na ni kweli, kitu kinachodumu ni bora kuliko kitu cha kutupwa. Lakini hema la Stanley lilidumu kuliko waliolibeba, kwa hivyo mimi nikaanza kuuliza maswali mengine matatu kila nikionyeshwa kitambaa: nani anakibeba, nani anakishona kikitoboka, na kikifa kinazikwa wapi.

Neno lenyewe linaanzia baharini. Turubai ni “tarpaulin” ya Waingereza iliyolainishwa na ulimi wetu, na hiyo yao ni maneno mawili yaliyogandana: lami, na kitambaa cha kufunika. Mabaharia walipaka lami kwenye kitambaa cha tanga kilichochakaa, wakakitumia kufunikia shehena na kujifunika wenyewe. Tanga zee ndilo lililokuwa turubai jipya. Na kitambaa chenyewe, “canvas”, jina lake linatoka kwa “cannabis”, kwa sababu kilifumwa kwa nyuzi za katani ya bangi. (Nilipowaambia wasee wa kikundi hili, mkutano uliishia hapo kwa dakika kumi.)

Baadaye pamba ikachukua nafasi. Nayo pamba, sisi watu wa huku tunaijua vizuri. Kuanzia miaka ya 1830, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Zanzibar kitambaa kizito cha pamba isiyopaushwa, na watu wakakiita kwa jina la kilikotoka: merikani. Kilivaliwa, kikafungashwa, na bara huko kikawa pesa kabisa. Pamba ya merikani ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, ikafumwa kaskazini, kisha ikapandishwa bara mabegani mwa wapagazi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata usambazaji, vitambaa vya Uingereza na India vikajaza pengo.

Tatizo la pamba ni kuvu. Ikunje ikiwa mbichi, iache wiki moja, ukiifungua inanuka na ina madoadoa meusi. Baada ya msimu inachanika kwa kidole. Shaba inaua kuvu, ndiyo sababu wakulima wa kahawa hupuliza dawa za shaba kwenye mibuni. Kwa hivyo ujanja wa Edgington ulikuwa wa maana. Ila shaba hiyohiyo ikisombwa na mvua hadi mtoni inaua vilivyomo majini, na pamba nzito ikilowa inakuwa mzigo mwingine kabisa. Mpagazi wa misafara ile alibeba kilo 27 hadi 30. Hakuna mahali nimeona Stanley akiandika hema lake lilikuwa na uzito gani likiwa limelowa. Si yeye alikuwa analibeba.

Wapagazi wenyewe walilala wapi? Ituri walijenga vibanda vya vijiti wakaezeka kwa majani mapana ya msituni. Asubuhi wanaondoka, msitu unakula kibanda. Ukipima kwa takataka iliyobaki, hao ndio walikuwa na malazi safi kuliko wote katika msafara. Na hapo ndipo naona hesabu ya mazingira isiyohesabu watu inaweza kukupeleka pabaya, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili atakayesema ilikuwa haki yao kulala kwenye majani.

Kuna historia nyingine ambayo maduka hayaitaji, na iko hapa nchini. Kaskazini, kwa Warendille, Wagabra na Wasomali wafugaji, nyumba ni ya kuhama. Miti iliyopindwa inasimamishwa, kisha inafunikwa kwa mikeka iliyosukwa kwa nyuzi na kwa ngozi. Ni kazi ya wanawake kuanzia kusuka hadi kusimamisha, na nyumba ni mali yao. Siku ya kuhama, mwanamke anaibomoa, na miti ileile inafungwa juu ya ngamia ikawa tandiko la kubebea mikeka. Mkeka mmoja ukichakaa, unasukwa mmoja, si nyumba nzima. Mbebaji ni ngamia, fundi ni mwenye nyumba, na kaburi la mkeka ni mchanga au moto wa kupikia. Maswali yangu matatu yote yamejibiwa, tena na watu ambao hawakuwa wanapiga kambi kwa raha.

Siku hizi nyumba hizo utaziona zimefunikwa kwa plastiki. Hiyo nayo ina tarehe. Mwaka 1933, katika maabara ya kampuni ya ICI huko Northwich, Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson walikuwa wakijaribu gesi chini ya shinikizo kubwa wakakuta masalio meupe kama nta. Hawakuwa wanayatafuta. Ndiyo polithini. Ikaja kukatwa kuwa tepe nyembamba, ikafumwa kama mkeka na kupakwa utando juu, na hilo ndilo turubai la buluu au la chungwa la kila soko la Kenya: la kuanikia mahindi Kitale, la kufunikia mitumba Gikomba mvua ikianza. Wengine tunaliita nailoni, ingawa nailoni ni kitu kingine kilichotengenezwa Marekani mwaka 1935. Dadaab ilipofunguliwa mwaka 1991 na Kakuma mwaka 1992, nalo likaenda huko, jeupe, lenye nembo ya UNHCR, mita nne kwa tano. Kitu kilichoundwa kwa dharura kikawa ukuta wa watu waliozaliwa na kukua hapohapo.

Siwezi kulidharau turubai hilo. Limeokoa watu. Lakini jua la ikweta linalivunja, na ukipanda juu zaidi mionzi inazidi ukali. Kwanza rangi inafifia, kisha utando unaanza kutoka kama magamba, kisha tepe zinakatika vipande vidogo ambavyo hakuna mtu atainama kuviokota. Pete za kufungia kamba zinang'oka mapema kuliko vyote. Na halina kiraka cha maana: sindano inazidisha matundu, gundi nyingi hazishiki polithini.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na kuanzia tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zikakatazwa kwenye mbuga, misitu na fukwe zinazolindwa: chupa za maji, sahani, vikombe, mirija. Getini wanaangalia chupa. Turubai halimo. Lakini turubai linalochanika usiku wa kwanza ni la kutumika mara moja, hata kama aliyeliuza ameandika vingine.

Basi tulichagua nini? Tulibaki na mawili. La kwanza, turubai la pamba nzito, kuukuu, lililokuwa la lori. Fundi anayeshona maturubai ya malori kando ya barabara alilikata mita tatu kwa nne, akakunja ukingo mara mbili na kugonga pete mpya za shaba, kila pete ikiwa na kiraka nyuma yake. Vipande vilivyobaki akatukunjia. “Hivi ndivyo dawa yake,” akasema, “msimpe mtu.” Sisi tunalianika hadi likauke kabisa kabla ya kulikunja, na mrututu hatujaugusa.

La pili ni la poliesta nyepesi yenye mfumo wa miraba midogo, ule unaozuia mchaniko usikimbie, ambao ulitokana na kazi ya miamvuli ya kurukia ndege wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Poliesta hailegei sana ikilowa kama nailoni. Tulitafuta iliyopakwa silikoni, kwa sababu ule utando wa poliyurethani wa bei nafuu, baada ya miaka kadhaa ya joto na unyevu, huanza kunata na kunuka kama soksi. Silikoni nayo ina ubishi wake, kiraka chake kinataka gundi ya silikoni pekee. Na hii poliesta haiozi. Tumelipokea hilo tukijua.

Mimi binafsi nilitaka lile la pamba liende mlimani. Lina hadithi, linashoneka, likifa linaweza kuoza. Nikampigia mpagazi ambaye tumepanda naye kutoka Naro Moru mara mbili, nikamweleza habari zote, lori, fundi, pete za shaba. Akanisikiliza kwa heshima. Kisha akauliza, “Sawa kaka. Na likilowa ni kilo ngapi?”

Tukalipima kwenye mizani ya duka la nafaka. Kavu, kilo tano na nusu. Tukalimwagia maji, likapanda hadi nane na ushee. Lile la poliesta, kamba zikiwemo, kilo moja na robo, na baada ya kulikung'uta lilikuwa karibu vilevile.

La pamba sasa linakwenda Magadi, kwa gari. La poliesta linapanda mlimani Agosti, na tumekubaliana litabebwa na sisi wenyewe kwa zamu.