Hewa ya Kununua: Historia ya Mashine ya Kusafisha Hewa ya Nyumbani

Siku hizi ukiingia katika mabweni ya wanafunzi au nyumba za ndugu zetu hapa Uingereza, si ajabu kukuta kimnara cheupe cha plastiki kikinguruma polepole pembeni mwa chumba. Hiyo ni mashine ya kusafisha hewa. Kuna walioinunua kwa sababu ya mtoto mwenye pumu, kuna walioinunua kwa ajili ya vumbi au manyoya ya paka, na wengi waliizoea wakati wa UVIKO-19. Swali linaloulizwa ni lilelile: je, inasaidia kweli, au tumeuziwa feni kwa bei ya dhahabu?

Katika makala hii nitajaribu kulijibu swali hilo kwa njia ya historia, kwa sababu mashine hii haikuanzia sebuleni. Hoja yangu ni kwamba chujio lililomo ndani yake hufanya kazi vizuri sana, lakini kila palipotokea maafa makubwa ya hewa chafu, kilichowaokoa watu wengi ni kuondoa moshi pale ulipotoka.

Kutoka kwa wazimamoto hadi vitani

Katika karne ya 19, London ilikuwa mji wa makaa ya mawe. Viwanda, treni na majiko ya nyumbani vyote vilitoa moshi mmoja mweusi. Mwaka 1854 mkemia wa Uskoti, John Stenhouse, alitengeneza barakoa yenye mkaa ndani yake. Mkaa una vitundu vidogo vingi mno, na gesi nyingi pamoja na harufu hunasa humo. Kanuni hiyo ingali inatumika katika mashine za leo.

Baadaye mwanafizikia John Tyndall, mzaliwa wa Ayalandi aliyefanya kazi katika Royal Institution mjini London, alipitisha mwali mkali wa mwanga katika chumba chenye giza. Watu wakaona kwamba hewa waliyoidhani safi imejaa vumbi linaloelea. Kisha akapuliza pumzi yake katika mwali huo. Pumzi ilipofikia mwisho, yaani hewa iliyotoka ndani kabisa ya mapafu, mwali ulionekana mweusi, kwa kuwa hapakuwa tena na vumbi la kuakisi mwanga. Vumbi lile lilikuwa limebaki kifuani. Tyndall akaonyesha pia kwamba pamba huweza kulinasa vumbi kabla halijavutwa, na katika miaka ya mwanzo ya 1870 aliunganisha pamba na mkaa katika barakoa ya wazimamoto. Pamba ilinasa chembe, mkaa ulinasa gesi. Ukifungua mashine nzuri ya kusafisha hewa leo, utakuta ndani yake ndoa hiyohiyo ya vitu viwili.

Vita ndivyo vilivyoharakisha maendeleo yaliyofuata. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungulia gesi ya klorini dhidi ya wapinzani wake. Baada ya hapo kila jeshi lilitafuta barakoa bora. Katika Vita Vikuu vya Pili, barakoa za Wajerumani zilizotekwa zilikutwa na karatasi ya ajabu iliyochanganya nyuzi za mimea na asbesto, ambayo ilinasa moshi mwembamba kuliko chujio lolote walilokuwa nalo Waingereza na Wamarekani. Wamarekani waliiga karatasi hiyo, kisha ikatumika katika mradi wa siri wa kutengeneza bomu la atomu, ambako vumbi lenye mionzi lilipaswa kuzuiwa lisitoke nje. Chujio linaloitwa HEPA lilizaliwa huko. Baadaye asbesto, ambayo yenyewe huharibu mapafu, iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na nyuzi za kioo.

Chujio linavyonasa

Wengi hudhani chujio la HEPA ni kama chekecheke la unga, kwamba kinachozidi tundu hubaki juu. Sivyo. Nafasi zilizopo kati ya nyuzi zake ni kubwa kuliko chembe nyingi zinazonaswa. Chembe kubwa, kwa uzito wake, hushindwa kukata kona pamoja na hewa, zikaugonga uzi na kuganda. Chembe za wastani hupita karibu mno na uzi zikaugusa. Chembe ndogo kabisa husukumwasukumwa na molekuli za hewa, zikayumba huku na huku kama mlevi, mpaka zikakutana na uzi.

Zinazosumbua zaidi ni zile zilizo katikati, za karibu mikroni 0.3, ambazo ni nyepesi mno kugonga na nzito mno kuyumba. Unywele wa binadamu una upana wa takriban mikroni 70. Mwanasayansi Irving Langmuir wa Marekani alilichunguza jambo hili wakati wa vita, na ndiyo maana kipimo cha Marekani cha HEPA hudai chujio linase asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3. Zilizo kubwa au ndogo kuliko hapo hunaswa kwa urahisi zaidi.

Hata hivyo, gesi hazinaswi kwa njia hii. Monoksidi ya kaboni, dioksidi ya nitrojeni inayotoka kwenye magari ya dizeli na majiko ya gesi, na harufu za rangi hupita katikati ya nyuzi kana kwamba hakuna kitu. Hapo huhitajika mkaa, nao uwe mwingi. Mashine nyingi za bei nafuu huwa na tabaka jembamba tu la mkaa ambalo hujaa upesi. Monoksidi ya kaboni haizuiliki hata na mkaa huo, kwa hiyo mashine haiwezi kuchukua nafasi ya king'ora cha gesi hiyo.

London, Desemba 1952

Teknolojia ya chujio ilikuwa tayari ipo wakati London ilipopatwa na msiba wake mkubwa. Kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, hewa baridi ilituama juu ya mji na kuufungia chini moshi wa makaa ya mawe. Makondakta walitembea mbele ya mabasi wakiwa na taa mkononi. Ng'ombe walioletwa kwenye maonyesho ya mifugo Earl's Court walikosa pumzi, na baadhi yao wakafa. Katika ukumbi wa Sadler's Wells onyesho la opera lilikatizwa kwa sababu moshi ulikuwa umeingia ndani. Kufunga mlango hakukuwa kinga.

Hesabu za mwanzo zilitaja vifo vipatavyo 4,000, na wachunguzi wa baadaye wamekadiria hadi 12,000. Wengi walikuwa wazee, watoto wachanga na wagonjwa wa mapafu na moyo.

Mwaka 1956 Bunge lilipitisha Sheria ya Hewa Safi, iliyoruhusu halmashauri kutangaza maeneo yasiyoruhusiwa moshi na kuwasaidia wenye nyumba kubadili majiko yao. Hatua hizo, pamoja na kuenea kwa gesi na umeme, ziliufanya ukungu mweusi uliokuwa umezoeleka kwa vizazi utoweke polepole. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto, na mara hii waliufuata moto.

Mashine inaingia nyumbani

Chujio lilianza kuingia majumbani katika miaka ya 1960, na kadiri miaka ilivyokwenda likafungwa pamoja na feni katika kisanduku kimoja. Biashara ilipokua, maneno yakazidi. Katika miaka ya 1980 chama cha watengenezaji wa vifaa vya nyumbani nchini Marekani kilianzisha kipimo cha kiasi cha hewa safi ambacho mashine hutoa kwa muda fulani. Kipimo hicho ndicho mnunuzi anachopaswa kukitazama kwanza. Chukua chumba cha mita za mraba 12 chenye urefu wa mita 2.4 hadi dari. Hewa yake ni karibu mita za ujazo 29. Ukitaka isafishwe mara tano kwa saa, unahitaji mashine inayotoa takriban mita za ujazo 145 kwa saa. Kimashine kidogo cha mezani hakiwezi, hata kama chujio lake ni la daraja la juu.

Ziliuzwa pia mashine zinazotoa ozoni, kwa madai kwamba huua harufu na vijidudu. Ozoni yenyewe huwasha mapafu. Jimbo la California limeziwekea mipaka mashine za namna hiyo tangu mwaka 2010. Kwa upande mwingine, mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, Wamarekani Richard Corsi na Jim Rosenthal walieneza wazo rahisi: machujio manne au matano ya kawaida, feni moja ya mraba na gundi ya utepe. Sanduku hilo linaloonekana kama kazi ya mikono ya watoto wa shule husafisha hewa sawa na mashine za bei kubwa.

Je, inasaidia?

Kwa chembechembe, ndiyo. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba mashine inayolingana na ukubwa wa chumba hupunguza chembe ndogo kwa karibu nusu au zaidi. Kwa afya, matokeo ni ya wastani: shinikizo la damu hushuka kidogo katika baadhi ya tafiti, na wenye pumu huweza kupata nafuu, ingawa si wote.

Mipaka yake ilionekana hapahapa London. Februari 2013 alifariki Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto wa miaka tisa mwenye pumu kali, aliyeishi Lewisham karibu na barabara kuu ya South Circular. Mama yake, Rosamund, alipigania uchunguzi upya, na Desemba 2020 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba hewa chafu ilichangia kifo hicho. Ilikuwa mara ya kwanza nchini Uingereza uamuzi kama huo kutolewa. Kati ya vilivyotajwa ilikuwemo dioksidi ya nitrojeni kutoka barabarani, gesi ambayo chujio la HEPA halilinasi. Tena mtoto huenda shule kwa miguu na hucheza nje. Tozo ya magari machafu iliyoanza katikati ya London mwaka 2019 na kuenezwa mitaa yote ya jiji mwaka 2023 inafuata njia ya mwaka 1956.

Jambo hili linatugusa sisi wasemaji wa Kiswahili kwa namna mbili. Kwanza, bibi zetu wa pwani walipikia uani, na moshi ukapaa. Watoto na wajukuu wao hukaanga sambusa na kufukiza udi katika fleti ambayo madirisha yake hufungwa tangu Oktoba hadi Machi. Moshi wa udi na ubani una chembe zilezile ndogo zinazofika ndani ya mapafu. Sisemi tuache chetezo. Nasema tufungue dirisha kwanza, na mashine ifuate. Pili, kwa mamilioni ya ndugu zetu wanaopikia kuni na mkaa Afrika Mashariki, mashine ya umeme si jibu. Mkakati wa Tanzania wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo likifikiwa, mapafu mengi zaidi yatalindwa kuliko kwa mashine zote zilizomo madukani Uingereza.

Kwa hiyo mwenye mgonjwa wa pumu nyumbani, au anayekaa kando ya barabara kubwa, anunue bila kuona haya. Apime chumba, aepuke ozoni, abadilishe chujio kwa wakati na aiache mashine ifanye kazi mchana na usiku. Na halmashauri ya mtaa wake inapoomba maoni kuhusu magari au majiko ya kuni, atume maoni yake, maana wengi wanaoishi kwenye barabara hizo hawana pesa ya kununua mashine.